Tope la alumina linaganda likilala: kati ya viongezeo hivi, nani mharibifu?

#1 ChembeNdogo
Wakuu, salama. Naomba tulichambue hili.

Nina tope la alumina (unga wa oksidi ya alumini) la kumimina kwenye kalibu. Chembe zina kipenyo cha nusu mikroni hivi, na eneo la uso ni mita mraba 8 kwa gramu. Yabisi ni asilimia 45 ya ujazo. Kitawanyishi, yaani dawa ya kuzuia chembe zisishikane, ni poliakrilati ya amonia (polima, molekuli ndefu kama minyororo), asilimia 0.4 ya uzito wa unga, na pH ni 9. Likitoka kinuni linatiririka vizuri kabisa, linapita kwenye chekeche bila kusukumwa. Hapo ndipo natia viongezeo viwili: oksidi ya magnesiamu asilimia 0.05 ya uzito wa unga, ya kuzuia punje zisikue ovyo tanurini, na gundi ya PVA (polivinili alkoholi) kidogo. Saa za mwanzo hakuna shida. Likilala usiku kucha, asubuhi unainamisha chombo na halisogei. Ukilikoroga kwa nguvu linalegea, ukiliacha linarudi kulekule.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni hiki: nikiongeza kitawanyishi ili lilegee, linazidi kuwa zito. Kitu cha kutawanya kinawezaje kugandisha? Na kati ya vitu hivi vitatu, nani anaharibu?

#2 MtazamajiTu
Nimekaa mstari wa mbele. Waje wenye matope yao.

#3 Asidi_Kali
Usizunguke mbali mkuu, ni magnesiamu. Oksidi ile haibaki yabisi majini, inayeyuka polepole na kutoa ioni zenye chaji chanya mbili. Chembe zako zinasukumana kwa sababu zote zimevaa chaji hasi ya poliakrilati. Ukizimwagia ioni chanya, msukumano unafunikwa, mvuto wa van der Waals (ule wa asili kati ya chembe zilizokaribiana) unashinda, chembe zinashikana. Ndiyo maana inachukua usiku mzima: kuyeyuka kunataka muda. Na kwa kazi hiyo ioni ya magnesiamu ina nguvu mara mbili ya sodiamu. Itoe, tatizo limekwisha.

#4 Zeta40
#3 umeanza vizuri, ila hiyo "mara mbili" haipo. Schulze mwaka 1882 na Hardy mwaka 1900 walionyesha kwamba uwezo wa ioni kugandisha koloidi (chembe ndogo sana zinazoelea majini) unapanda kwa kasi sana chaji yake inapoongezeka. Nadharia ya DLVO ya mvuto na msukumano wa chembe (Derjaguin na Landau 1941, Verwey na Overbeek 1948) inatoa kipeo cha sita, yaani chaji mbili ni mara 64. Hiyo ni pale uso wenyewe unapokuwa na chaji kubwa. Uso ukiwa na chaji ndogo, kipeo kinashuka kuelekea cha pili. Kwa vitendo utaangukia mahali fulani katikati, lakini mbali sana na mara mbili.

Tena tuiangalie alumina yenyewe. Nukta yake ya chaji sifuri, yaani pH ambayo uso wake hauna chaji, iko pH 8 hadi 9. Maana yake mleta mada, kwa pH yako unga bila poliakrilati hauna chaji ya kuutetea. Silika ingekuwa hasi sana hapo, kwa kuwa nukta yake iko pH 2 hadi 3. Wewe unategemea kitawanyishi peke yake, hivyo chochote kinachokigusa kitawanyishi kinagusa tope zima.

#5 Mfinyanzi_wa_Zamani
Mimi ni mtu wa kaolini (udongo mweupe wa ufinyanzi), alumina naisikia kwenu. Lakini swali la kwanza siku zote ni maji. Umetumia maji gani? Maji magumu yana kalsiamu, na kalsiamu hung'ang'ania poliakrilati kuliko hata magnesiamu.

#6 ChembeNdogo
Mzee, maji yameondolewa ioni. Nimeyapima kabla ya kuyatumia, ni safi.

#7 Kinu_Mpira
Kabla hamjaihukumu magnesiamu, naomba niulize: hiyo mita mraba 8 uliipima kabla ya kusaga au baada? Kinu hakichanganyi tu. Kinavunja vishikano na kufungua nyuso mpya, na kila uso mpya unadai kitawanyishi chake. Kipimo cha kitawanyishi kinahesabiwa kwa eneo la uso. Asilimia ya uzito ni njia ya mkato tu. Nimeona matope yaliyosagwa muda mrefu yakitoka mepesi kwa sababu bado ni ya moto na yanakorogeka, halafu yakipoa na kutulia yanakaza. Watu wakalaumu kilichotiwa mwisho, kumbe kitawanyishi kilikuwa hakitoshi tangu kinuni.

#8 Hesabu_Kwanza
Tuweke namba mezani, tusibishane gizani.

Lita 1 ya tope lake ina lita 0.45 ya alumina. Kwa msongamano wa 3.97 hiyo ni karibu kilo 1.79. Maji ni lita 0.55. Oksidi ya magnesiamu asilimia 0.05 ni gramu 0.9 hivi, sawa na milimoli 22. Yote ikiyeyuka ndani ya lita 0.55, tunapata milimoli 40 kwa lita.

Je, inaweza kuyeyuka yote? Kwa pH 9, ndiyo. Hidroksidi ya magnesiamu haianzi kukataa kuyeyuka kwa kiwango hicho mpaka pH ipande zaidi.

Sasa kitawanyishi. Asilimia 0.4 ni gramu 7.1. Kila kipande cha mnyororo, pamoja na amonia yake, kina uzito wa 89, kwa hiyo kuna milimoli 80 za vikundi vya kaboksili, ndivyo vinavyobeba chaji hasi. Milimoli 22 za magnesiamu zina chaji 44. Yaani magnesiamu inaweza kunyamazisha zaidi ya nusu ya chaji za kitawanyishi chote. Hiyo asilimia 0.05 inaonekana ndogo kwa sababu tunailinganisha na unga. Ilinganishe na kitawanyishi, si ndogo hata kidogo.

Na kwa Kinu_Mpira: gramu 7.1 kwa kilo 1.79 ni miligramu 4 kwa gramu ya unga. Gawanya kwa mita mraba 8, unapata miligramu 0.5 kwa mita mraba. Kwa pH 9 alumina kwa kawaida hushiba chini ya hapo. Kwa hesabu hii hana upungufu, ana ziada.

#9 Kinu_Mpira
Ana ziada KAMA eneo ni 8. Likiwa 14 baada ya kusaga, ziada imeyeyuka. Nasubiri jibu lake.

#10 Zeta40
#8 hesabu nzuri, lakini imefungua tatizo jingine. Milimoli 80 za amonia ndani ya lita 0.55 ni karibu milimoli 145 kwa lita. Hata tukisema nusu ya ioni hizo zimebanwa kando ya minyororo, zilizobaki huru zinatosha kuufupisha urefu wa Debye (umbali ambao chaji ya chembe inahisiwa majini) hadi nanomita 1 hivi. Maana yake, kabla ya magnesiamu kuingia, msukumano wa umeme peke yake ulikuwa umeshakuwa mfupi mno, na bado tope lilitiririka. Kwa hiyo maelezo ya #3 kwamba magnesiamu "inafunika chaji" hayatoshi. Kilichokuwa kinazitenga chembe ni minyororo yenyewe, inayochukua nafasi huku ikiwa na chaji. Magnesiamu inafanya kitu kwa minyororo.

#11 Asidi_Kali
Mkuu Zeta40, hapo unaniunga mkono bila kupenda. Ioni yenye chaji mbili inashika vikundi viwili vya kaboksili. Vikiwa kwenye mnyororo mmoja, mnyororo unajikunja na kulala chali. Vikiwa kwenye minyororo ya chembe mbili tofauti, umejenga daraja. Iwe funika, kunja au daraja, mharibifu ni yuleyule.

#12 Zeta40
Mharibifu ni yuleyule, tiba si ileile. Kama ni kufunika chaji, utapunguza chumvi. Kama ni kukunja, utatafuta kitawanyishi chenye vichana vya pembeni (minyororo mifupi kama meno ya kichana) visivyo na chaji, vile vya polietilini glikoli vilivyoshonwa kwenye uti wa poliakrilati. Vichana hivyo havijali sana magnesiamu. Ndiyo maana nabishana.

#13 MamaTanuri
Wanangu, mmeisahau amonia. Chombo kilifunikwa? Kwa pH 9, zaidi ya theluthi moja ya amonia yote iko kama gesi iliyoyeyuka, inasubiri kutoka tu. Ikitoka, pH inashuka. pH ikishuka, minyororo inapoteza chaji, na wakati huohuo uso wa alumina unadai kitawanyishi zaidi ili ushibe. Ile ziada ya Hesabu_Kwanza inageuka upungufu bila mtu kutia chochote. Kaboni dioksidi ya hewani nayo inasukuma upande huohuo. Ninapofungua chombo asubuhi, kabla ya kugusa kijiti cha kukorogea napima pH, halafu nanusa.

#14 Hesabu_Kwanza
Shikamoo Mama. Hoja nzito hiyo, na ina upande wa pili: oksidi ya magnesiamu inapoyeyuka inakula asidi. Kwenye maji yenye ioni za amonia itazigeuza kuwa amonia huru, mbili kwa kila magnesiamu moja. Kwa hiyo kitawanyishi chenyewe kinaisaidia magnesiamu kuyeyuka, na magnesiamu inaifukuza amonia. pH inaweza kupanda kwanza, ishuke baadaye kadiri gesi inavyotoka.

#15 MamaTanuri
Marahaba. Ndiyo, na ndiyo maana pH ya saa moja baada ya kuchanganya haisemi lolote kuhusu asubuhi.

#16 Mwanafunzi_Vifaa
Wakubwa, mmemjibu kuhusu magnesiamu, lakini swali lake la pili limeachwa. Kwa nini kuongeza kitawanyishi kunazidisha uzito? Mimi pia limenitatiza maabara, na tope langu halikuwa na magnesiamu.

#17 Hesabu_Kwanza
Asante kwa kuturudisha. Uso ukishashiba, minyororo ya ziada inabaki majini. Asakura na Oosawa walieleza mwaka 1954 kinachofuata: chembe mbili zikikaribiana kuliko upana wa mnyororo, mnyororo hauwezi kuingia katikati. Pale kati kunabaki maji matupu, nje kuna minyororo, na shinikizo la nje linazisukuma chembe zikutane. Hakuna kilichozigundisha. Zimesukumwa tu na vitu vilivyokosa nafasi. Ndiyo maana ukichora mnato dhidi ya kipimo cha kitawanyishi unapata bonde: upande wa kushoto uso haujafunikwa, upande wa kulia kuna ziada. Cesarano na Aksay walichapisha mwaka 1988 ramani ya alumina yenye pH upande mmoja na kiasi cha polima upande mwingine. Ukiitazama unaona wazi kwamba kipimo sahihi kinahama kila pH inapohama.

#18 Kinu_Mpira
Bonde nakubali, kila aliyepima ameliona. Maelezo ya upande wa kulia ndiyo sikubali moja kwa moja. Minyororo hii ya vitawanyishi ni mifupi, nanomita chache. Msukumo wa kukosa nafasi kwa minyororo mifupi hivyo ni wa karibu sana na dhaifu. Kuna maelezo mepesi zaidi: kila kitawanyishi unachoongeza kinakuja na amonia yake. Ni chumvi. Zeta40 ameshaonyesha tulipofika. Ukiongeza tena, unaongeza chumvi kwenye tope ambalo tayari lina chumvi nyingi.

#19 Zeta40
Na yote mawili yanaweza kutokea pamoja. Kuyatenganisha: ongeza chumvi ya amonia isiyo na polima, kloridi kwa mfano, yenye kiasi kilekile cha amonia. Mnato ukipanda sawa na ulivyopanda kwa kitawanyishi, Kinu_Mpira ana hoja. Usipopanda, Asakura na Oosawa.

#20 FundiGlezi
Nimefika nimechelewa. Huku kwenye glezi (ule mpako wa kioo wa vyombo vya udongo) sisi tunalia kinyume chenu. Glezi yangu ya nefelini sayenaiti (unga wa jiwe lenye sodiamu) ikikaa, inakuwa nyepesi kama maji na yabisi yote inajenga jiwe chini ya ndoo ambalo hata mwiko hauliingii. Nefelini sayenaiti inaachia sodiamu kidogo kidogo, na hiyo sodiamu inaitawanya kaolini ya kwenye glezi kupita kiasi. Dawa yake ni hiyohiyo magnesiamu mnayoilaani: salfeti ya magnesiamu iliyoyeyushwa, matone kwa matone mpaka glezi ianze kuvaa kijiti. Chembe zinashikana kidogo, zinashuka kwa mabonge laini, na ukikoroga zinarudi zote.

Kwa hiyo neno "imara" mnalitumiaje? Tope lililotawanyika vizuri linashuka polepole lakini likifika chini linakaza. Lililoshikana linashuka haraka lakini halikazi. Mimi nataka lipi?

#21 Mwanafunzi_Vifaa
Polepole kiasi gani?

#22 Hesabu_Kwanza
Kwa kanuni ya Stokes, chembe ya alumina ya nusu mikroni ikiwa peke yake kwenye maji inashuka karibu milimita 35 kwa siku. Ya mikroni 5 inakwenda mara 100 zaidi, kwa sababu kasi inafuata mraba wa kipenyo: sentimita 14 hadi 15 kwa saa. Kwenye tope zito zinazuiana, kwa hiyo ni polepole kuliko hapo. Lakini inakuonyesha kwa nini chembe za glezi, ambazo ni kubwa, haziokolewi na chaji peke yake.

#23 Mfinyanzi_wa_Zamani
FundiGlezi ameniamsha. Vijana wa alumina mna bahati, chembe yenu ina uso wa aina moja. Kaolini ni kibapa chenye nyuso mbili za tabia tofauti. Bapa lina chaji hasi siku zote, kwa sababu imo ndani ya muundo wake. Ukingo unabadilika: pH ikiwa chini una chaji chanya, ikipanda unakuwa hasi. Ukingo chanya unashika bapa hasi, na tope zima linajijenga kama nyumba ya karata. Mnato juu, maji yamefungiwa ndani.

Sodiamu silikati inafanya kazi tatu kwa pamoja, na ndiyo maana haijapata mpinzani wa maana kwenye tope la udongo. Inapandisha pH ili ukingo uache uchanya. Silikati inaulalia ule ukingo. Na inaikamata kalsiamu na magnesiamu zilizokuwa zimeshikilia mabapa, sodiamu inachukua nafasi zao. Lakini nayo ina bonde lake. Ukizidisha, tope linarudi kuwa zito, safari hii linanyong'onyea na kuacha nyuzi.

Adui mkubwa ni salfeti. Mabaki ya tope yanayorudishwa kutoka kalibu za plasta yanakuja na jasi iliyoyeyuka: kalsiamu na salfeti pamoja. Watu wanarudisha mabaki kila siku, halafu wanashangaa kwa nini kipimo cha silikati cha mwaka jana hakitoshi mwaka huu. Kabonati ya bariamu kidogo inaiangusha ile salfeti.

#24 MamaTanuri
Mfinyanzi, useme na hili: kabonati ya bariamu ni sumu. Asiyejua asiione nyeupe akadhani ni chokaa. Glavu, barakoa, na isikae karibu na vyombo vya kulia.

#25 Mfinyanzi_wa_Zamani
Kweli kabisa, shukrani. Na ipimwe kwa gramu kulingana na salfeti iliyopo, isikadiriwe kwa jicho.

#26 MtazamajiTu
Mleta mada aliuliza kuhusu alumina, sasa hivi tuko kwenye udongo na glezi. Kesho tutafika kwenye matofali.

#27 Tanini_Asilia
Matofali hayo hapa, MtazamajiTu. Edward Acheson, yuleyule aliyegundua jinsi ya kutengeneza kaborandamu (unga mgumu wa kusugulia), alichunguza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa nini Wamisri wa kale walitia majani makavu kwenye udongo wa matofali. Maelezo ya kawaida ni kwamba nyuzi za majani zinashikilia tofali. Yeye akaona kwamba maji yaliyolowekewa majani hayo, bila nyuzi zenyewe, yanabadilisha udongo: unalainika kwa maji machache, ukikauka unakuwa mgumu zaidi. Akaona tanini (ile ya magome ya kulainishia ngozi) inafanya kazi hiyohiyo. Udongo wa namna hiyo akauita "wa Kimisri". Leo tungesema tanini inashika kingo za kaolini na kuzipa chaji hasi. Nimejaribu kwa maji ya magome yenye tanini nyingi na kaolini, inatawanya kweli, ingawa rangi inabaki mpaka tanuru iichome.

#28 Asidi_Kali
Nyuzi nazo zina kazi yake, usizifute. Tofali lisilochomwa linapokauka nyuzi zinapunguza nyufa. Acheson alionyesha sababu moja ya ziada, hakuifuta ile ya kwanza.

#29 Tanini_Asilia
Sijaifuta. Nasema tu kwamba mimea imekuwa ikitoa vitawanyishi kabla ya viwanda kutengeneza poliakrilati.

#30 ChembeNdogo
Wakuu, nimerudi na vipimo. Eneo la uso baada ya kusaga ni mita mraba 9.5 kwa gramu. Limeongezeka, ila si 14.

Nililigawa tope kwenye vyombo vyenye kifuniko: kimoja bila kiongezeo, kingine magnesiamu tu, kingine PVA tu, kingine vyote. Asubuhi:
Chenye magnesiamu tu kimekaza sana. pH imepanda hadi 9.6.
Chenye PVA tu kimekuwa kizito, lakini kinamiminika.
Chenye vyote kimekaza kuliko vyote.
Kisicho na kitu nacho kimekuwa kizito kidogo kuliko jana! pH imeshuka hadi 8.7.

#31 Asidi_Kali
Kesi imefungwa. Magnesiamu.

#32 MamaTanuri
Haijafungwa mwanangu. Kile kisicho na kitu kimekaza kwa nini? Hakina magnesiamu wala gundi, na pH imeshuka kama nilivyosema.

#33 Kinu_Mpira
Na kwa 9.5, kitawanyishi ni miligramu 0.42 kwa mita mraba. Kwa pH 8.7 hapo uko mpakani, si kwenye ziada. Mimi naona chombo kisicho na kitu kinaonyesha uso mpya unaoendelea kudai. Tope likitoka kinuni halijatulia bado, polima inaendelea kujipanga juu ya chembe kwa saa kadhaa.

#34 Zeta40
pH kupanda hadi 9.6 kwenye chombo cha magnesiamu kunathibitisha kwamba oksidi imeyeyuka. Lakini angalia: kwa pH 9.6 uso wa alumina wenyewe umeingia upande wa hasi, na minyororo hasi haipendi kukaa juu ya uso hasi. Inawezekana sehemu ya kitawanyishi imeachia na kurudi majini. Kwa hiyo hata chombo hicho hakitofautishi kati ya daraja la magnesiamu na polima kuachia uso kwa sababu ya pH.

#35 Hesabu_Kwanza
Hilo linapimika. Lizungushe tope kwa kasi mpaka chembe zishuke, chukua maji ya juu, pima kaboni ya polima iliyobaki na magnesiamu iliyomo. Polima ikiwa nyingi majini, imeachia. Polima na magnesiamu zikiwa chache zote mbili, zimeshikana juu ya chembe.

#36 Gundi_Moja
Hamjaitendea haki PVA. Imezidisha uzito ikiwa peke yake, na kwa pamoja imekuwa mbaya zaidi. Minyororo ya PVA ni mirefu kuliko ya kitawanyishi, kwa hiyo ule msukumo wa Asakura na Oosawa ambao Kinu_Mpira aliukataa kwa minyororo mifupi una nguvu zaidi hapa. Tena PVA yenyewe inaongeza mnato wa maji hata bila chembe, na hilo tusiliite kugandisha. Pima mnato wa maji yenye PVA peke yake, ndipo ulinganishe.

Jambo jingine: kama kuna boraksi popote kwenye mfumo wako, hata kwenye mabaki ya chombo, PVA inaunganishwa nayo na kuwa jeli.

#37 ChembeNdogo
Boraksi haipo. Mnato wa maji ya PVA sijaupima, nitaupima.

#38 FundiGlezi
Bakteria je? Gundi za selulosi kwenye glezi zinaoza, mnato unaanguka na harufu inatoka.

#39 Gundi_Moja
Hiyo inalegeza, haikazi, na kwa usiku mmoja ni mapema. Kwa glezi iliyokaa muda mrefu ni hoja ya kweli.

#40 Mwanafunzi_Vifaa
Tope langu nililisema #16. Nilipima potenshali ya zeta (kipimo cha chaji inayozizunguka chembe majini), ilikuwa hasi 45 milivolti, na kitabu kinasema ikizidi 30 tope ni imara. Halikuwa imara. Nani ananidanganya, kipimo au kitabu?

#41 Zeta40
30 ni kanuni ya mkono tu, haina hadhi ya sheria. Pia uliyeyusha tope (yaani uliliongezea maji) kiasi gani ili mwanga wa mashine upite? Kama uliyeyusha kwa maji safi, umebadilisha chumvi, pH, na polima iliyoko majini. Umepima tope jingine. Yeyusha kwa maji yaliyotolewa kwenye tope lenyewe, au tumia kifaa cha sauti kinachopima tope zito bila kuliyeyusha. Halafu zeta haioni msukumo wa polima ya ziada, wala haioni unene wa minyororo. Inakuambia kuhusu chaji, basi.

#42 Mwanafunzi_Vifaa
Niliyeyusha kwa maji safi. Asante mkuu.

#43 Kemia_Taratibu
Kwa anayetaka magnesiamu kwenye chembe lakini si majini, njia ni kadhaa. Oksidi iliyochomwa kwa joto kali inayeyuka polepole mno kuliko ile nyepesi. Au tumia spineli, ile ya magnesiamu na alumina, ya unga laini: magnesiamu imefungwa ndani ya fuwele na tanurini inafanya kazi ileile. Wengine hutia sitrati (chumvi ya asidi ya limau) ili ikamate magnesiamu. Mimi naiogopa hiyo, kwa sababu sitrati inaupenda sana uso wa alumina na itagombania nafasi na poliakrilati. Ukitaka sitrati, ifanye iwe kitawanyishi chenyewe tangu mwanzo, ukijua kwamba ni molekuli fupi na haitaweka chembe mbali kama polima.

#44 Mfinyanzi_wa_Zamani
Kwa nini asibadilishe tu atumie sodiamu silikati?

#45 Kemia_Taratibu
Mzee, sodiamu na silika zinabaki baada ya kuchomwa. Kwenye alumina ya vihami umeme sodiamu inaharibu uhami, na silika inaleta kioo kati ya punje. Amonia na poliakrilati zinaungua na kuondoka. Ndiyo sababu watu wa alumina wanazivumilia pamoja na usumbufu wake.

#46 Asidi_Kali
Spineli ni jaribio zuri. Tope la spineli lisipokaza, magnesiamu iliyoyeyuka ina hatia.

#47 MamaTanuri
Likikaza kidogo kama kile chombo kisicho na kitu, amonia bado ina kesi. Jaza chombo mpaka juu pasibaki hewa, kipime pH jioni na asubuhi.

#48 Kinu_Mpira
Na jingine uliache likizunguka polepole usiku kucha bila mipira ya kusagia, ndipo utie viongezeo asubuhi. Kama polima inahitaji muda wa kujipanga, hapo itaonekana.

#49 ChembeNdogo
Sawa wakuu. Spineli nimepata ya mikroni 1, je, si kubwa mno kwa unga wa nusu mikroni?

#50 Kemia_Taratibu
Kwa asilimia ndogo hivyo itasambaa kwa madoa. Isage kwanza peke yake ndani ya maji yenye kitawanyishi chake, ichujwe, ndipo uitie. Na kitawanyishi hicho ukihesabu kwenye jumla.